Shahada ya ualimu na deni la HELB: Hesabu ya familia za Likoni, Kisauni na Changamwe

KILA matokeo ya mtihani wa kidato cha nne (KCSE) yanapotangazwa, familia nyingi za Mombasa bara hukabiliwa na swali lile lile: mtoto aliyepata alama ya C+ au zaidi asomee nini? Kuanzia Likoni na Mtongwe hadi Kisauni, Mikindani na Changamwe, jibu linalotolewa mara kwa mara ni ualimu.

Sababu zake zaeleweka. Mwalimu ni mtu wa kuheshimiwa mtaani, mwajiri wake ni serikali, mshahara wake haukosi mwisho wa mwezi, na uzeeni ana pensheni. Mzazi aliyeishi kwa vibarua vya bandarini Kilindini au kwa kazi za hotelini zinazokatika msimu wa watalii unapokwisha huuona ualimu kuwa nanga.

Hata hivyo, nanga hiyo siku hizi hununuliwa kwa mkopo. Mwanafunzi asiye na mali huingia chuo kikuu kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), na hutoka akiwa na shahada mkono mmoja na deni mkono wa pili. Makala haya yanapima viwili hivyo kwenye mizani: deni ni kiasi gani, mshahara ni kiasi gani, na ni lini mmoja huulipia mwenzake. Msomaji ataona kwamba uzito wa mizani hautokani sana na kiwango cha mshahara wala cha riba. Hutokana na miaka ambayo mhitimu atakaa bila ajira ya kudumu.

Mikopo ilikotoka

Serikali ya kikoloni ilianza kuwakopesha wanafunzi mwaka wa 1952, ikiwalenga wale waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki. Mpango wa kuwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu vya nchini ulianza mwaka wa masomo wa 1974/75, ukisimamiwa na Wizara ya Elimu. Mpango huo haukuwa na sheria madhubuti ya kudai malipo. Wengi walikopa, wakahitimu, wakapata kazi, na hawakurudisha kitu. Baadhi yao waliamini kuwa fedha zile zilikuwa zawadi ya serikali.

Ni upungufu huo uliosababisha Bunge kupitisha Sheria ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu mwaka wa 1995. HELB ilipewa meno: humtoza mkopaji riba ya asilimia 4 kwa mwaka, humtaka aanze kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, humlazimisha mwajiri kukata fedha kutoka kwa mshahara, na humtoza anayekaidi adhabu ya Sh5,000 kwa kila mwezi.

Mambo hayo mawili, yaani mwaka mmoja wa kusubiri na adhabu ya Sh5,000, yaliwekwa na sheria iliyotungwa wakati ambapo mwalimu aliyehitimu bado aliajiriwa moja kwa moja. Msomaji na ayaweke akilini, kwani tutayarejea.

Karo ya zamani na mfumo wa 2023

Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyechaguliwa na serikali alilipa karo ya Sh16,000 kwa mwaka katika chuo kikuu cha umma. Serikali ilikilipa chuo sehemu iliyosalia. Mkopo wa HELB, ambao kwa kipindi kirefu ulikuwa kati ya Sh35,000 na Sh60,000 kwa mwaka kutegemea hali ya familia, ulitumiwa kwa karo hiyo, malazi na chakula. Mwanafunzi aliyepata Sh45,000 kila mwaka alihitimu baada ya miaka minne akiwa na deni la msingi la Sh180,000.

Mambo yalibadilika mwaka wa 2023. Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya wa ufadhili, nao ukaanza kutumika kwa wanafunzi waliofanya KCSE mwaka wa 2022. Katika mfumo huo kila kozi huwekewa gharama yake halisi, na gharama hiyo hugawanywa mara tatu: ufadhili wa serikali usiolipwa, mkopo wa HELB, na mchango wa familia. Juu ya hayo, HELB humkopesha mwanafunzi fedha za matumizi.

Familia ziligawanywa katika makundi matano kwa kutazama kipato. Kundi la kwanza ni la familia zenye kipato kisichofika Sh5,995 kwa mwezi, na ufadhili wake ni asilimia 70, mkopo asilimia 25 na mchango wa familia asilimia 5. Kundi la pili, la kipato cha hadi Sh23,670, hupata ufadhili wa asilimia 60, mkopo asilimia 30, na familia hulipa asilimia 10. La tatu, la hadi Sh70,000, hupata asilimia 50, 30 na 20. La nne, la hadi Sh120,000, hupata asilimia 40, 30 na 30. La tano, la wanaozidi hapo, hupata asilimia 30, 30 na 40. Mkopo wa matumizi ni Sh60,000 kwa mwaka katika kundi la kwanza, kisha hupungua kwa Sh5,000 kila kundi hadi Sh40,000 katika kundi la tano.

Mfumo huo ulizua malalamiko tangu mwanzo, hasa kutoka kwa wazazi walioona watoto wao wakiwekwa katika kundi lisilolingana na hali yao. Mnamo Desemba 20, 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliuharamisha akisema ulikiuka Katiba. Serikali ilikata rufaa. Hata hivyo, wanafunzi waliojiunga na vyuo kuanzia 2023 walikwisha kukopeshwa chini ya mfumo huo, na deni lao limeandikwa.

Hesabu ya kundi la pili

Tuchukue mfano ulio karibu na maisha ya Mombasa bara. Kwa amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Novemba 2024, kibarua wa kawaida mjini Mombasa alipaswa kulipwa Sh16,113.75 kwa mwezi. Familia ya Chaani au Bangladesh, Mikindani, inayotegemea mshahara huo mmoja, kwa kipato chake huingia kundi la pili.

Gharama ya kozi ya ualimu hutofautiana kati ya chuo na chuo, na kati ya masomo ya sanaa na ya sayansi. Kwa ajili ya hesabu tu, tuseme kozi ni Sh150,000 kwa mwaka. Serikali itatoa Sh90,000. Mkopo wa karo utakuwa Sh45,000. Familia italipa Sh15,000. Mkopo wa matumizi utakuwa Sh55,000. Kwa hivyo mwanafunzi atakopa Sh100,000 kila mwaka, na baada ya miaka minne atadaiwa Sh400,000 kabla ya riba.

Katika hesabu hii kuna mambo mawili ya kuzingatiwa.

La kwanza ni kwamba Sh15,000 anazotoa mzazi zinakaribiana sana na zile Sh16,000 za zamani. Mzazi aweza kudhani kwamba hakuna kilichobadilika, kwa kuwa mfuko wake umeguswa kiasi kile kile. Kilichobadilika ni deni la mtoto, ambalo limetoka Sh180,000 na kufika Sh400,000. Ni kweli kwamba mwanafunzi wa sasa amepata fedha zaidi za kula na kulala kuliko mwenzake wa zamani, lakini fedha hizo pia ni za kurudishwa.

La pili ni kwamba maskini ndiye anayehitimu na deni kubwa zaidi. Kwa kozi hiyo hiyo, mwanafunzi wa kundi la kwanza atadaiwa Sh390,000, wa pili Sh400,000, wa tatu Sh380,000, wa nne Sh360,000 na wa tano Sh340,000. Ufadhili humpunguzia maskini karo, lakini mkopo wa matumizi humrudishia mzigo. Mtoto wa tajiri hukopa kidogo kwa kuwa babake hutoa zaidi.

Mshahara wa mwalimu

Mwalimu mwenye shahada anapoajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) kwa masharti ya kudumu huanzia daraja la C2, ambalo zamani liliitwa K. Chini ya mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021, mshahara wa msingi wa C2 ulianzia Sh34,955 na kufikia Sh43,694. Nyongeza zilizotolewa mwaka wa 2023, na mkataba mwingine uliotiwa sahihi Julai 2025, zimeupandisha. Ili tusijipe matumaini kupita kiasi, tutatumia kile cha chini, Sh34,955.

Juu ya mshahara wa msingi kuna marupurupu. Posho ya nyumba hutegemea mahali: Nairobi ndiyo ya juu, kisha miji iliyokuwa manispaa kama Mombasa na Kisumu, kisha maeneo mengine. Anayepelekwa maeneo yenye mazingira magumu, kama vile Tana River na Lamu, huongezewa posho ya mazingira. Kisha makato: kodi ya mapato, bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, mchango wa pensheni na ada ya chama cha walimu.

Kwa kawaida mwalimu huyo hupanda hadi C3 baada ya miaka mitatu. Daraja hilo lilianzia Sh43,154 katika mkataba huo wa 2017 hadi 2021. Mwalimu aliyeajiriwa akiwa na miaka 27 ana miaka 33 ya kazi mbele yake kabla ya kustaafu akiwa na miaka 60. Aidha, hati ya mshahara ya TSC humfungulia milango ya vyama vya ushirika kama Mwalimu National, ambako hukopa kwa ajili ya kiwanja, nyumba au karo ya wadogo zake.

Sasa tulilinganishe deni. Akilipa Sh400,000 kwa riba ya asilimia 4 katika miaka mitano, atakatwa takriban Sh7,366 kila mwezi, ambazo ni asilimia 21 ya mshahara wa msingi. Jumla atakuwa amelipa kama Sh442,000. Akitandaza malipo katika miaka kumi, atakatwa takriban Sh4,050, ambazo hazifiki asilimia 12, na jumla itakuwa kama Sh486,000. Hakuna benki itakayompa mhitimu asiye na dhamana mkopo wa bei hiyo.

Twaweza pia kuuliza: je, asingesoma, akafanya kibarua? Kwa kima cha chini, miaka minne ya kibarua ni Sh773,460. Mwanafunzi wetu amezikosa fedha hizo, ingawa amepata Sh220,000 za matumizi. Atalipa deni la Sh400,000, na familia imetoa Sh60,000. Ukiweka riba na kodi kando, shahada imemgharimu Sh1,013,460. Mwalimu wa C2 humzidi kibarua kwa Sh18,841 kila mwezi, bila kuhesabu posho ya nyumba. Kwa tofauti hiyo, gharama yote hurudi katika muda wa miaka minne na nusu. Yanayobaki, karibu miaka 28, ni faida.

Kwa hivyo kwa mtu anayeajiriwa na TSC mapema, hesabu imekwisha: shahada ya ualimu hujilipia. Tatizo liko katika neno “mapema”.

Miaka ya kungoja

Hadi miaka ya tisini, mwalimu aliyehitimu alikuwa na hakika ya kupelekwa shuleni. Mwaka wa 1998 serikali ilisimamisha uajiri huo wa moja kwa moja. Tangu hapo TSC huajiri pale tu nafasi inapopatikana, ama kwa kuwa mwalimu amestaafu, amefariki au ameacha kazi, ama kwa kuwa Hazina ya Kitaifa imetoa fedha za nafasi mpya.

Vyuo vikuu navyo havikupunguza idadi ya wanafunzi wa ualimu. Kinyume chake, kuanzia mwaka wa 1998 vilifungua milango kwa wanafunzi wanaojilipia, na kozi ya ualimu, isiyohitaji maabara ghali ikiwa ni ya masomo ya sanaa, ikawa miongoni mwa zile zilizopanuka kwa urahisi. Matokeo yake ni kwamba walimu waliosajiliwa lakini hawajaajiriwa na TSC wamepita 300,000 nchini, ilhali shule hizo hizo zinalia kwa uhaba wa walimu.

Mhitimu anayengoja ana njia tatu.

Njia ya kwanza ni kufundisha kwa kuajiriwa na bodi ya shule ya umma. Malipo hutoka kwa michango ya wazazi, hivyo hutegemea uwezo wa shule. Shule ya kutwa katika mtaa wa mapato madogo haiwezi kulipa kama ile ya bweni yenye jina. Wakati wa likizo, mara nyingi hakuna malipo.

Njia ya pili ni shule za kibinafsi, ambazo ni nyingi Kisauni, Bamburi, Mikindani na Likoni. Baadhi hulipa vyema na kwa wakati. Nyingine hulipa chini ya mshahara wa kibarua, na karo ya wazazi ikichelewa, mwalimu naye huchelewa.

Njia ya tatu ni uanagenzi wa TSC. Mwalimu mwanagenzi wa shule ya upili au sekondari msingi hulipwa Sh20,000 kwa mwezi, kabla ya makato ya kisheria. Ukilinganisha na kima cha chini cha Sh16,113.75, mtu aliyesoma miaka minne chuo kikuu humzidi kibarua wa kawaida kwa chini ya Sh4,000. Mnamo Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba TSC haikuwa na mamlaka ya kuwaajiri walimu kama wanagenzi. Mwezi uliofuata walimu wanagenzi wa sekondari msingi waligoma wakidai ajira ya kudumu, na Januari 2025 takriban 46,000 kati yao walipewa. Lakini wanagenzi wengine waliajiriwa mwaka huo huo, na foleni ikaanza upya.

Deni lisilongoja

Hapa ndipo ile sheria ya 1995 inaporejea. Saa ya HELB huanza kuhesabu mwaka mmoja baada ya masomo, awe mhitimu ana kazi au hana. Kwa deni la Sh400,000, riba ya asilimia 4 ni Sh16,000 kwa mwaka. Adhabu ya Sh5,000 kwa mwezi ni Sh60,000 kwa mwaka. Adhabu, basi, ni karibu mara nne ya riba.

Tuwapime wahitimu watatu wenye deni hilo moja la Sh400,000.

Wa kwanza anaajiriwa na TSC kwa kudumu mara tu muda wa kusubiri unapokwisha. Analipa Sh7,366 kila mwezi, na baada ya miaka mitano amekuwa huru. Jumla aliyolipa ni kama Sh442,000.

Wa pili anapata uanagenzi. Anakubaliana na bodi alipe kwa miaka kumi, Sh4,050 kila mwezi, ambazo ni moja ya tano ya Sh20,000 zake. Zinazobaki, baada ya makato mengine, azigawe kwa kodi ya chumba, chakula na matatu. Maisha ni ya kubana, lakini deni halimkimbii. Akipata ajira ya kudumu, mzigo unakuwa mwepesi.

Wa tatu hana kitu cha kutegemewa. Anafundisha hapa muhula mmoja, pale miezi miwili, na hamwandikii mtu yeyote. Baada ya miaka mitano bila kulipa, riba imefika Sh80,000 na adhabu Sh300,000. Deni la Sh400,000 limekuwa Sh780,000. Siku anapoajiriwa na TSC kwa Sh34,955, akitaka kulimaliza kwa miaka mitano atakatwa Sh13,000 kila mwezi hata bila riba mpya. Hiyo ni asilimia 37 ya mshahara wa msingi. Kabla ya siku hiyo, jina lake huenda limekwisha kupelekwa kwa mashirika ya kuhifadhi rekodi za mikopo (CRB), na hati ya HELB ya kuthibitisha kuwa hana tatizo la deni, ambayo waajiri wengi wa umma huidai, haipati kwa urahisi.

Wote watatu walisoma kozi moja, wakalipa karo moja, na mshahara wa TSC ni mmoja. Kilichowatenganisha ni miaka mitano tu.

Majirani na wenzetu wa mbali

Si lazima deni liende hivyo. Nchini Tanzania, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya 2004, humkata mwajiriwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kiasi kinachokatwa hufuata mshahara: mwenye mshahara mdogo hukatwa kidogo. Mwaka wa 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo iliwafanya wadaiwa wengi kulipa miaka mingi bila kuona deni likipungua.

Nchini Uingereza, mhitimu hulipa asilimia 9 ya kipato kinachozidi kiwango maalumu. Asiyefikia kiwango hicho halipi, wala hatozwi adhabu kwa kukosa kazi. Riba huendelea, lakini deni humngoja mshahara.

Kenya imechagua kumfungia mkopaji tarehe badala ya kipato. Kwa wakili au mhasibu anayepata kazi haraka, tofauti ni ndogo. Kwa mwalimu, ambaye mwajiri wake mkuu ni mmoja na foleni yake ni ya miaka, tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Mambo ya kupima kabla ya kuchagua

Kwanza, masomo ya kufundisha. TSC imekuwa ikidai mwalimu wa shule ya upili awe na C+ ya wastani katika KCSE pamoja na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Mwanafunzi aliyepata C katika somo moja kati ya hayo mawili aweza kukubaliwa na chuo, akakopa, akahitimu, kisha akakwama wakati wa kusajiliwa. Ni heri kulichunguza jambo hili kabla ya kujaza fomu.

Pili, aina ya masomo. Foleni ya walimu wa sanaa ni ndefu kuliko ya walimu wa fizikia, hisabati au masomo ya kiufundi. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walijiunga na sekondari ya juu Januari 2026, na serikali imepanga wengi wao waelekee mkondo wa sayansi, teknolojia na hisabati. Kozi ya sayansi hugharimu zaidi, hivyo mkopo wake ni mkubwa zaidi, lakini mwaka mmoja wa kungoja unaookolewa hufidia sehemu kubwa ya tofauti hiyo.

Tatu, mahali pa kusomea. Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi, kilichopata hati yake mwaka wa 2013, kiko umbali wa kilomita 60 hivi kutoka Mombasa. Mwanafunzi wa Kisauni yuko upande huo huo wa barabara ya Malindi. Wa Likoni huanza kwa kuvuka feri. Wote wawili kwa kawaida hulazimika kukodi chumba, lakini gharama ya kurudi nyumbani ni ndogo kuliko ya anayekwenda Eldoret au Maseno. Fedha za matumizi zisipoisha kwa nauli, mwanafunzi hana haja ya kuongeza mikopo ya simu juu ya ule wa HELB.

Nne, njia ya stashahada. Chuo cha Walimu cha Shanzu, kilicho upande wa Kisauni, huwafunza walimu wa shule za msingi, na tangu 2021 vyuo vya aina hiyo hutoa stashahada badala ya cheti cha P1 cha zamani. Kozi ni fupi na deni ni dogo. Kwa upande wa pili, ngazi ya kuingilia ya mwalimu wa msingi, B5, ilianzia Sh21,756 katika mkataba wa 2017 hadi 2021, yaani Sh13,199 chini ya C2. Anayedhani kwamba atapanda ngazi kwa kusoma shahada wakati wa likizo akumbuke kuwa, kwa mwongozo wa TSC wa 2018, shahada peke yake haimpandishi mwalimu cheo. Hata hivyo, tangu 2023 baadhi ya walimu wa msingi wenye shahada wamehamishiwa sekondari msingi.

Tano, basari. Mwanafunzi asingoje HELB pekee. Kila shilingi ya basari inayopatikana kutoka kwa kaunti au eneobunge ni shilingi isiyo na riba wala adhabu, na huweza kuziba mchango wa familia.

Kwa aliyekwisha kuhitimu

Mhitimu ambaye tayari anadaiwa ana hatua chache za kuchukua, na zote zina thamani kubwa zikichukuliwa mapema.

Ajisajili na TSC mara moja, kwa kuwa bila nambari ya usajili hawezi kuomba nafasi yoyote, hata ya uanagenzi. Katika kuwapima waombaji, TSC imekuwa ikiwapa alama zaidi waliohitimu zamani, hivyo hati za kuthibitisha mwaka wa kuhitimu zitunzwe vyema.

Aiandikie HELB kabla ya mwaka wa kusubiri kwisha, aeleze hali yake na aombe kupanga malipo. Anayelipa kidogo kwa utaratibu uliokubaliwa huwa mdaiwa anayelipa, na aliyenyamaza huwa mkaidi mbele ya sheria. Bodi imewahi, kwa nyakati tofauti, kutangaza msamaha wa adhabu kwa wanaolipa deni lote kwa mkupuo, lakini msamaha haupangiwi tarehe na hakuna anayepaswa kuutegemea.

Akipata kazi katika shule ya kibinafsi, ahakikishe kwamba makato ya HELB yanayoonekana kwenye hati yake ya mshahara yamefika kwa bodi. Mwajiri ana wajibu wa kisheria wa kuyawasilisha, lakini mwenye deni ndiye atakayeulizwa yasipofika. Ajue pia kuwa, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, makato yote kwa pamoja hayapaswi kuzidi thuluthi mbili ya mshahara.

Kwa jumla, shahada ya ualimu bado ni ununuzi wenye faida kwa mtoto wa Likoni, Kisauni au Changamwe, mradi ajira ya kudumu ipatikane katika miaka michache ya kwanza, au mradi mhitimu aweze kulipa japo kidogo anapoingoja. Kwa yule anayengoja muda mrefu bila malipo na bila mawasiliano, deni hukua haraka kuliko mshahara utakavyowahi kukua. Familia inayokaa kujaza fomu na ijiulize maswali mawili kwa pamoja: mwalimu hulipwa kiasi gani, na nani atalipa Sh4,050 za kila mwezi kuanzia mwaka wa pili baada ya mahafali, kabla ya barua ya TSC kufika?